Gavana Apiga Simu

Emérence alikuwa amemnyoa gavana shavu moja, la pili bado limejaa povu, mzee alipofika kwenye habari za daraja. Kila asubuhi lazima afike hapo. Alianza na uwakili, akaingia seneti ya jimbo lake huko Marekani, akawa gavana mihula miwili, akajenga daraja ambalo wapinzani walilikejeli, kisha akagombea kwenda Washington na kubwagwa vibaya sana. Picha zote zipo ukutani: gavana anakata utepe, gavana kavaa kofia ya wajenzi. Sasa anaishi peke yake ghorofani Croydon, London, karibu na binti yake aliyeolewa huku Uingereza, na hata soksi hawezi kuvaa bila msaada.

"Leo hunisikilizi," alisema.

Kweli, hakuwa akisikiliza. Jana kanisani Barking, kaka yake Serge alimshukia mbele za watu. "Ule mzee ni gouverneur, na weye unamunyoa tu ndevu? Umuambie apigie batu ba viza! Kwetu gouverneur akikohoa tu, mulango unafunguka!" Waumini wakaitikia amina. Kwao Bukavu, Kongo, gavana ni gavana mpaka kaburini, nani angewaambia vingine?

Na Emérence hakuwa tena na pa kushika. Bintiye Miradie alinyimwa viza kwa sababu mshahara wa mama haufiki kiwango. Mwezi ujao anatimiza miaka kumi na minane, na baada ya hapo hataweza tena kuomba kama mtoto. Yuko Bukavu, kwa watu waliokwisha kumchoka.

"Excellence," akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, aibu imemjaa. "Naomba msaada." Akamweleza yote.

Loo, ungemwona mzee! Akakaa wima. Miaka nenda miaka rudi hakuna aliyemwomba kitu. "Lete simu," akaamuru.

Wakapiga ofisi ya viza; muziki wa kungojea ukapigwa, ukapigwa tena. Emérence alikuwa na bibi mmoja kwingine anayesubiri kuogeshwa, na ejensi iliyomwajiri kuhudumia wazee inalipa dakika za ndani ya nyumba tu. Za kwenye basi ni zako mwenyewe. Hatimaye kijana akapokea.

"Mimi ni Gavana Ashlock!" mzee akanguruma.

"Gavana wa wapi, bwana?"

Akataja jimbo lake.

"Wewe ndiye mdhamini wa ombi hili?"

"Hapana, lakini nimeongoza mamilioni ya..."

"Samahani, bwana. Tunazungumza na mdhamini tu, au wakili wake."

Mzee akajaribu tena, akataja daraja. Daraja, jamani! Kijana akarudia maneno yale yale, kwa adabu kabisa. Emérence akamwonea huruma.

"Mimi hapa si mtu," mzee akasema polepole, akimpa simu. "Zungumza wewe."

Simu za namna hii siku zote alimwachia Serge. Akaipokea.

"Mimi ni mama yake Miradie, mdhamini wake."

Papo hapo kijana akafungua faili. "Uamuzi haujabadilika, mama. Kipato chako hakitoshi."

"Natoka nyumbani giza, narudi giza. Nawaogesha wazazi wenu. Haitoshi?"

"Tunaangalia kilichoandikwa kwenye karatasi ya mshahara."

"Na njia yote ninayotembea kutoka kwa huyu hadi kwa yule, nani anaiandika?"

"Kuna lingine naweza kukusaidia?"

"Liko. Nataka mkubwa wako."

"Yuko mkutanoni."

"Nitamngoja." Akavuta kiti akaketi, kitu ambacho ejensi imekataza. Muziki ukaanza upya.

Mezani, simu yake ya kazini ikatetema. Ejensi. Gavana akaiwahi kabla yake.

"Emérence bado yuko kazini," akasema. "Andikeni hivyo."

"Dakika zake kwako zimeisha, bwana," sauti ya msichana ikajibu. "Na yule bibi anayemsubiri tumeshampa mhudumu mwingine; hela zake amezikosa."

Emérence alisikia kila neno. Akahamishia simu kwenye sikio la pili, akaendelea kungoja.