Jino la Miaka Sita

Ndugu yangu Ondieki alikuwa na chupa ya meno. Kila siku ya soko pale Chepilat aliiweka mbele kabisa ya meza yake, ili wapita njia waione kabla hawajamwona yeye. Ndani mlikuwa na magego ya wachuma chai, chonge za wauza ng'ombe, na vijino vya watoto visivyozidi punje ya mahindi. Watu waliitazama chupa, wakashika mashavu yao, wakaketi. Hakuhitaji bango.

Hakuwa daktari. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akifagia sakafu na kuchemsha vyombo katika kliniki moja ya misheni, na kliniki ilipofungwa alitoka na koti jeupe, koleo mbili na ujasiri usio na kipimo. Sisi tuliotoka Kisii kuja kuchuma chai huku kwa wenyewe tunamthamini sana mtu wa kwetu mwenye ujuzi. Tulimwita daktari, naye akaitika. Mimi ndiye niliyeanza kumwita hivyo, na nakiri nililitamka neno hilo kwa mbwembwe, hasa mbele ya wanawake tunaoishi nao katika nyumba za shamba.

Binti yangu Nyabate alikuwa na miaka minane alipoanza kulilia gego la chini, upande wa kulia. Lilikuwa na tundu jeusi linaloweza kuingiza kichwa cha njiti ya kiberiti. Kila mtu alijua sababu: mdudu. Jirani mmoja alinipa karafuu, mwingine akanishauri nimfukize mtoto moshi mpaka mdudu adondoke. Hakuna aliyetaja sukari. Watu wa chai tuna vituko vyetu: mchana kutwa tunachuma jani chungu, jioni tunalikorogea vijiko vitano vya sukari, na mtoto tunamwacha alale na utamu huo mdomoni. Nilidhani namdekeza.

Mume wangu Kebaso, anayeendesha trekta la kubeba majani, alisema, "Si umpeleke hosi waangalie?"

"Na ndugu yangu nimweke wapi?" nikamjibu. "Watu watoke mpaka Siongiroi wakimfuata, halafu sisi tumpite?"

Kebaso akaliacha hapo. Ni mtu asiyependa kugombana na shemeji.

Ondieki alimtazama Nyabate nyumbani kwake, Jumapili moja mchana, kwa tochi ya simu. Alitazama kwa muda mrefu, nikadhani anamwombea, maana ni mzee wa kanisa. Kisha akazima tochi.

"Hiyo ni ya utoto," akasema. "Inang'olewa, ingine inamea. Lakini usimfanyie hapa. Mlete siku ya soko."

"Kwani hapa si afadhali, baba Phelix?" nikamuuliza, nikimwita kwa jina la mwanawe. "Hakuna watu."

"Vyombo viko kule."

Mfuko wa vyombo ulikuwa chini ya kiti chake. Niliuona, nikauacha. Mtu unayemwamini humhesabii maneno.

Nyabate nilimwambia tunaenda kununua viatu vya shule. Alitangulia mbele yangu njia nzima, akirukaruka, akichagua rangi. Tulipofika na kuona benchi la wagonjwa likiwa limejaa, alinitazama, akaelewa, akaanza kurudi kinyumenyume. Nilimdaka mkono.

"Huyu ni mtoto wa dadangu," Ondieki aliwatangazia waliokuwa kwenye benchi. "Damu yangu. Kama hii kazi ingekuwa mbaya, ningeigusa damu yangu?"

Wanawake wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nami, Mungu anisamehe, nilivimba kichwa.

Alisema sindano ya ganzi haina haja, jino la utoto ni jepesi. Halikuwa jepesi. Nilikibana kichwa cha mtoto katikati ya magoti yangu kama ninavyofanya nikimnyoa, nikalishika taya kwa mikono miwili. Jino lilivunjika, ndugu yangu akarudi mara ya pili kutafuta mizizi, na mara ya tatu. Nyabate hakumtazama mjomba wake hata mara moja. Alinitazama mimi, kutoka chini, macho yamefunguka, mpaka mwisho. Baadaye tulinunua viatu vyeusi vya ngozi. Alivivaa bila kuuliza kama vinamtosha.

Jino jingine halikumea. Kila nilipomuuliza ndugu yangu, alisema mengine huchelewa. Nyabate alizoea kutafunia upande wa kushoto na kucheka amefunga midomo. Hakulalamika tena kuhusu meno, nami nikasema moyoni kwamba ameshakua. Tunapenda kuuita ukimya wa watoto ukubwa, kwa sababu ndio unaotupumzisha.

Mwaka ulipita na miezi kadhaa. Kisha mwalimu wake akanipigia simu nikiwa shambani, kikapu mgongoni. Aliniambia binti yangu hali chakula cha mchana tangu muhula uanze. Hugawia wenzake mahindi, hunywa maji, na akinywa maji hushika shavu la kushoto. Jioni hiyo nilimkalisha kitandani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipeleka kwa anko," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Safari hii sikubishana na Kebaso. Tuliomba ruhusa kwa msimamizi, nikampeleka mtoto hospitali ya Longisa.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo aitwaye Mwihaki, aliyezaliwa Bomet mjini ambako wazazi wake wana duka la vifaa vya ujenzi. Hakuanza kwa kuchokora. Alimpa Nyabate kioo kidogo chenye mpini akishike kwanza, akamwonyesha kila kitu kabla ya kukitumia. Ilichukua nusu saa mtoto kufungua mdomo nusu. Mwihaki alipoangalia upande wa kulia, akasita.

"Mama, hapa kulikuwa na jino. Lilienda wapi?"

"Liling'olewa. Lilikuwa la utoto."

Akakitua kioo kwenye sinia.

"Halikuwa la utoto, mama. Hilo gego humea mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya yale ya utoto, na hakuna jino linalong'oka kulipisha. Ndiyo sababu wazazi wengi hudhani ni la utoto. Ni la maisha. Likitoka, limetoka."

"Lakini lilikuwa limeoza. Lilikuwa na mdudu."

"Hakuna mdudu. Sukari ikibaki kwenye jino, bakteria wa mdomoni wanaigeuza kuwa asidi, na asidi inalila jino kidogo kidogo. Ukija mapema tunaondoa uozo, tunaziba, linakaa. Hata hilo, kutegemea lilivyokuwa, pengine lingezibika." Akavuta pumzi. "Sasa tuangalie hili la kushoto, kwa sababu ndilo la haraka. Tundu limekaribia mshipa. Leo naweza kulisafisha na kuliziba. Nikichelewa litakufa, itabidi litoke pia, na atabaki bila gego hilo kulia na kushoto. Lakini kazi inataka atulie na afungue mdomo wote. Siwezi kumlazimisha."

Nyabate alikuwa ameshaufunga mdomo wake. Mwihaki alisema hakuna haraka ya dakika, tungoje nje kwanza vifaa viandaliwe, mtoto apumue.

Tulikuwa tumeketi kwenye benchi la ukumbini nilipomwona Ondieki akiingia. Hakuwa na koti jeupe. Alivaa suti yake ya Sabato, kofia mkononi, na mkono mwingine amemshika mwanawe Phelix. Muuguzi alimwita kabla mimi sijafungua kinywa.

"Baba Phelix, karibu. Leo ni ile ya kuangaliwa tu, si ndiyo? Kadi yenu iko hapa."

Nilidhani amekuja kuomba dawa. Bado nilikuwa namtafutia ndugu yangu sababu njema, ndivyo nilivyokuwa nimezoea. Phelix alikimbilia benchi letu. Ni mtoto mchangamfu, amempita Nyabate mwaka mmoja.

"Umeletwa kung'olewa?" Nyabate akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Zii. Yangu ilizibwa. Ona."

Akaachama. Chini, upande wa kulia, gego la kwanza nyuma ya yale madogo, lilikuwa na doa jeupe safi katikati, limekaa imara kama mengine. Nyabate aliinama kulitazama. Kisha akaingiza kidole mdomoni mwake, akapapasa pengo lake, pahali pale pale.

"Ilizibwa lini, baba?" nikamuuliza Phelix.

"Nikiwa gredi ya pili, shangazi. Hata sikulia. Walinipiga sindano."

Gredi ya pili. Nilihesabu, na hesabu haikuwa ngumu. Phelix alipokuwa gredi ya pili, jino la Nyabate lilikuwa bado mdomoni mwake.

Ondieki alikuwa amesimama karibu na dirisha. Nikamwendea.

"Baba Phelix, ulijua."

"Dadangu, hapa si mahali."

"Ulijua si ya utoto."

Akaizungusha kofia mkononi. "Daktari aliniambia, ndiyo."

"Kabla ya ya Nyabate?"

"Kabla."

Ningefurahi angedanganya. Uongo ungeniachia kitu cha kushikilia. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni bila kujua kwamba maumivu yake hasa ni haya: kwamba nguo hiyo ulikuwa ukiifua mwenyewe, ukiianika mahali watu waione.

"Mganga hajigangi," akasema, akijaribu kutabasamu.

"Sawa, hajigangi. Na Nyabate alikuwa nani kwako?"

Hapo tabasamu likamtoka. "Sikiliza. Ni wewe ulinitangaza. Daktari, daktari, kila mahali. Wamama wote wa shamba walijua mtoto wako anaumwa na jino. Ningekuambia mpeleke Longisa, nani angeketi kwangu tena? Ungeniuliza kwa nini, ningekujibu nini?"

"Ungenijibu ukweli."

"Ungenielewa?"

Niliyaona yote upya: mwanga wa tochi uliodumu mno mdomoni mwa mtoto, maana alikuwa akitazama jino analolijua vizuri kabisa, mfuko chini ya kiti, na siku ya soko. Hakututaka nyumbani kwa sababu nyumbani hakuna macho. Alimng'oa mwanangu jino la maisha ili watu waone kwamba hata damu yake haibagui. Na jino la mwanawe akalileta kwa daktari. Moyo uliniuma, nasema bila kuficha, uliniuma kuliko siku tuliyomzika mama, kwa sababu mama hakuchagua kuniacha.

"Mama Nyabate," muuguzi akaita. "Tuko tayari."

Nilimshika mtoto mkono tukaingia. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba mjomba wake alitudanganya sote wawili, kwamba hata mimi nimeumizwa, kwamba tuko upande mmoja. Nyabate alipanda kwenye kiti kirefu bila kusaidiwa, akalala chali, akaikunja mikono juu ya tumbo. Taa iliwashwa juu ya uso wake.

"Mama atakaa hapa karibu," Mwihaki akasema, akinivutia kigoda upande wa kichwa. "Atakushika, usiogope."

"Sitaki anishike," akasema Nyabate.

Ilikuwa sauti ya kawaida. Mwihaki alinitazama, kisha akamtazama yeye.

"Daktari, itauma?"

"Sindano itauma kidogo, kama kung'atwa na siafu. Utahesabu mpaka kumi. Baada ya hapo utasikia mashine ikilia, lakini hutasikia uchungu. Ukisikia, inua mkono, nitaacha."

"Utaacha kweli?"

"Nitaacha."

Mtoto akafikiri. Alimtazama mwanamke yule ambaye hadi asubuhi hiyo hakuwa akimjua, akamtazama kwa muda, kama mtu anayepima daraja kabla ya kulikanyaga.

"Sawa," akasema. "Mama angoje nje."

Nilifungua kinywa kusema kwamba mimi ni mamake. Nyabate alikuwa ameshanigeuzia kisogo na kufungua mdomo wake, wote, kwa mgeni, taa ikimwingia mpaka kooni. Ilikuwa mwaka na miezi saba tangu nimwone hivyo. Jino lingepona, hilo nililijua hata kabla mashine haijaanza kulia.

Nilitoka, muuguzi akaufunga mlango nyuma yangu. Wagonjwa walikuwa wameongezeka ukumbini na benchi lilikuwa limejaa, isipokuwa upande mmoja, karibu na Ondieki. Aliniona nimesimama. Akajisogeza kidogo, nami nikaketi.