Mafunda Mia Mbili kwa Dakika

"Nimesema na nitarudia: dawa anayomeza mdogo wako wanaijaribu kwa minyoo! Minyoo, jamani! Mtu mzima na akili zake!"

"Akili zake ndizo ninazozipigania, shoga," akajibiwa kutoka ng'ambo ya ukuta. "Wewe ulikwenda kumwambia nini?"

Huyo wa kwanza ni fundi cherehani, jirani yangu wa kushoto, bingwa wa mambo yasiyomhusu. Wa pili ni jirani wa kulia. Tunamwita Bibi Minyoo, kwa heshima zote, maana anafanya kazi maabara ya chuo na kutwa nzima anatazama minyoo. Chumba changu kiko katikati. Nilikuwa uani naanika nguo, kando ya ukuta mfupi unaowatenganisha. Zilikuwa mbili tu, lakini nilizianika nusu saa nzima, kwa uangalifu mkubwa.

"Nilimwambia ulichoniambia mwenyewe," alisema fundi cherehani, "siku ulipoleta suruali yake niiongezee kiuno."

"Basi tangu siku hiyo hajagusa kidonge. Leo siku ya sita!"

Hapo hata mimi nikashusha kibanio. Siku sita si mchezo. Mdogo wake ni fundi redio, na sote tunakumbuka mwaka juzi alipofungua redio kumi na moja kwa siku moja, akimtafuta mtu aliyejificha ndani akimsengenya. Mtu hakupatikana. Redio yangu mpaka leo inashika stesheni moja, ya mahubiri. Alilazwa wiki saba. Dawa ikamrudisha kwetu, ikamwongezea na kitambi cha mkurugenzi.

Fundi cherehani alijua amekosea, kwa hiyo akapandisha sauti. "Mnyoo unajua nini kuhusu maradhi ya akili? Kichwa chenyewe unacho?"

"Unacho. Huo wetu ni mdogo, mpaka uutazame kwa hadubini. Una seli za neva mia tatu na mbili, zote tunazijua moja moja. Na zinapashana habari kwa kemikali zile zile zilizomo kichwani mwako. Ukiupa dawa, unaona imegusa wapi. Kwa mtu kuna mabilioni, utaanzia wapi?"

"Mia tatu na mbili," alirudia fundi cherehani. "Marehemu mume wangu aliishi na pungufu ya hapo."

"Sasa mkishaupa dawa mnatazama nini?" niliuliza, maana nguo zilikuwa zimeniishia.

"Koo. Mnyoo ukila, koo lake hupwita kama mara mia mbili kwa dakika. Ukipata dawa, hupungua. Mimi nahesabu." Akatoa mfukoni kidude cha kubonyeza, kama kile cha kuhesabia watu mlangoni.

Kumbe majengo yote yale ya vioo, na mlinzi getini anayekuuliza kitambulisho, ni kwa ajili ya kuhesabu mafunda ya mnyoo. Na mimi miaka yote nilijiona nimekosa elimu.

"Ngoja," alisema fundi cherehani. "Mnyoo dawa inaukatiza kula, mdogo wako inamfanya amalize sufuria?"

"Ndiyo. Hatujajua vizuri kwa nini. Ndiyo maana tunahesabu."

"Hata nyumbani anahesabu."

Mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni kwao, mwiko mkononi, macho mekundu.

"Jirani, hukuniachisha dawa wewe, usijipe cheo," alimwambia fundi cherehani. "Habari za minyoo nimezisikia kabla yako, kila siku, mpaka nazijua tabia zao. Nimeacha kwa sababu ya hicho kidude. Nikimeza mate, tik. Nikitia kijiko mdomoni, dada kanikodolea macho kooni. Tik."

"Nilitaka kuhakikisha kidonge kimeshuka."

"Uliniuliza?"

Mwanamke huyu anakiuliza maswali kiumbe kisicho na masikio, na majibu anapata. Mdogo wake, aliyekaa naye meza moja, hakuwahi kumuuliza.

"Unalala?" dada akamuuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Silali. Na juzi redio ya huyu imenitaja tena." Alininyooshea mwiko. "Najua si kweli. Nusu najua."

Hakuna aliyecheka, hata fundi cherehani.

Dada alikitazama kidude chake, kisha akakipitisha juu ya ukuta. "Shika, shoga. Kahesabie vifungo." Akamgeukia mdogo wake. "Kosa langu, mdogo wangu. Kuanzia leo nitakuuliza, na ukisema umemeza, umemeza. Ila twende kliniki mchana huu. Baada ya siku sita hurukii tu dozi ile ile, lazima wakupangie upya."

Mdogo mtu akaugonga mwiko kwenye paja.

"Nitakwenda. Lakini kwanza nile, na mtu asinitazame koo." Akatugeukia sisi. "Fundi, wewe uliyeniongezea kiuno, pita huku uone kilivyojazwa. Na wewe jirani, acha kuzisumbua nguo, zimekauka zamani. Ingia, kaa, tule."