Jilala Aacha Pikipiki Nyumbani

Tangu aache kuchimba dhahabu Nyarugusu na kufungua duka la vipuri Katoro, Jilala alinenepa hadi kupanda ngazi za kanisa kukawa kazi. Kila daktari alipomshauri apunguze mwili, alijibu, "Bima ipo, Daktari. Wewe niandikie dawa tu."

Siku moja, wakitoka kliniki ya presha, mkewe Scolastika alimwambia kwa upole, "Baba Vaileth, bima hiyo tunachangia na wenzetu. Ndiyo iliyomtibu mama yako macho. Mimi nakupenda na kitambi chako, lakini na wewe fanya sehemu yako."

Asubuhi iliyofuata Jilala akaiacha pikipiki nyumbani, akatembea hadi dukani. Alipumzika mara tatu, na waliompita wakamuuliza kama pikipiki imeibiwa.

Wiki ya pili Scolastika akaanza kumsindikiza, akipunguza mwendo ili wasiachane. Ugali wa usiku Jilala aliupunguza mwenyewe, ingawa kwa manung'uniko.

Baada ya miezi mitano daktari alimwondolea dawa moja. Jilala akatoka akicheka, akamshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakarudi nyumbani kwa miguu.