Mpishi Aliyeacha Kuonja

Mpishi alikuwa ameamua kuzipa kisogo anasa za dunia, na dunia nzima ilishapata habari. Alilala sakafuni, alikula mkate mkavu, na hakuna mteja aliyetoka mkahawani bila kusimuliwa. Mwisho akaapa kutoonja hata mchuzi anaoupika mwenyewe.

Mchana huo sahani zikarudi jikoni zimejaa. Dada yake mkubwa, mwenye mkahawa, akamjia na kijiko.

“Onja.”

“Dada, mimi nimejinyima...”

“Umewanyima wateja, si wewe! Chumvi imezidi, watu wanakunywa maji kama ngamia. Onja! Na kama unatafuta kitu cha kuacha, acha kujitangaza.”

Akaonja, akakunja uso, akaupika mchuzi upya. Hilo la kuonja halikumshinda.

Jioni mzee mmoja, mteja wa kila siku, akamkazia macho. “Mbona umekonda hivyo, mwanangu?”

Hadithi yote ikamjaa mdomoni, tamu kuliko chakula chochote alichowahi kukiacha. Akaimeza.

“Nikuongezee mchuzi, mzee?” akasema, akarudi jikoni na njaa ambayo mkate mkavu haukuwahi kumwonjesha.