Hermilo Alivyopeleka Mikono Ng'ambo

Jumapili ya kwanza ya Januari, Hermilo Arzate alichukua kikopo cha chumvi kwenye meza ya tatu bila kuinuka kwenye meza ya kwanza. Doña Obdulia, mwenye duka la burito lililo karibu na daraja la Santa Fe mjini Juárez, Meksiko, alikuwa anapaka maharage kwenye tortila, chapati ya kukunjia burito. Aliuona mkono ukipita mbele yake, akainua kisu ili usikatwe, akaendelea kupaka. Kwenye televisheni Dallas, timu yao ya mpira wa Kimarekani, ule wa kudaka kwa mikono, walikuwa nyuma kwa pointi nne, na hilo ndilo lililokuwa linawaumiza watu vichwa.

"Mkono wako umerefuka, kompadre," alisema Chon Villalobos, aliyekuwa amekaa naye. Chon ndiye aliyemsimamia binti wa Hermilo ubatizo, kwa hiyo walikuwa ndugu kwa maji ya kanisani.

"Tangu Alhamisi," alisema Hermilo, akajinyunyizia chumvi.

Alhamisi ndiyo siku aliyonyimwa viza kwa mara ya pili. Afisa wa dirishani, mtu mpole mwenye mafua, alimwambia kwamba haoni sababu ya kuamini kuwa akivuka atarudi. Hermilo alitaja nyumba yake, mbwa wake, na kaburi la mkewe Amparo. Afisa alisema kaburi halihesabiki, akamtakia siku njema. Hermilo alipotoka nje akaona mikono ya koti imemwishia chini kidogo ya kiwiko. Alidhani koti limepungua kwa kufuliwa.

Binti yake, Nereida, alikuwa El Paso, ng'ambo ya mto, upande wa Marekani. Alivuka zamani kwa miguu, akiwa amebeba viatu mkononi, enzi zile wanawake wa Juárez walipokuwa wakivuka asubuhi kwenda kupika na kufua katika nyumba za watu na kurudi jioni. Halafu siku moja magari ya doria yalipangwa kando ya mto, moja likiliona jingine, na aliyekuwa ng'ambo akabaki ng'ambo. Sasa Nereida alikuwa mjamzito, mwezi wa tisa. Mumewe alikuwa kwenye visima vya mafuta, mbali, na tajiri wake hakuwa mtu wa kutoa ruhusa. Nereida alikuwa ameomba jambo moja tu kwenye simu: mtoto akitoka, mikono ya kwanza kumpokea iwe ya baba yake.

Hayo watu wote pale dukani waliyajua. Ukitaka siri ikae Juárez, usile kwa Obdulia.

Dallas wakarusha mpira mrefu. Mpokeaji wao, yule anayekimbia mbele kuudaka, alikuwa peke yake kabisa, kama mtu anayengoja basi. Mpira ukamgonga vidole ukaanguka.

"Mikono ya siagi," alisema Chon.

"Kwetu tunasema ana matofali," alisema Rudy Carrasco.

Rudy alizaliwa El Paso, lakini kila Jumapili alivuka kuja kula kwa Obdulia kwa sababu, alivyosema, burito za upande wake ni chakula cha wagonjwa. Pale dukani alikuwa pocho, jina ambalo Juárez humpa Mmeksiko aliyekulia ng'ambo, naye aliliitikia kama la ubatizo.

"Tofali na siagi ni vitu viwili, pocho. Siagi inateleza, tofali linadunda. Huyu mpira umemteleza."

"Umeanguka, haujaanguka?"

"Umeanguka."

"Basi iite jibini ukitaka."

Na mpokeaji akishaudaka, Rudy alisema, anauchomeka kwapani. Chon alisema kinachochomekwa ni shati, mpira unapakatwa. Walikubaliana juu ya neno moja tu, nalo ni Salamu Maria: ule mpira wa sekunde za mwisho, unaorushwa juu mbali bila kumlenga mtu, maana hakuna jingine la kufanya. Pande zote mbili za mto ziliupa jina la Bikira, na pande zote mbili zilivua kofia ukiwa hewani.

"Mpokeaji ni miguu," alisema Rudy. "Akimpoteza mlinzi wake, hata bibi yangu angedaka."

"Bibi yako ana matofali. Mpokeaji ni vidole."

"Mpokeaji ni macho," alisema Doña Obdulia kutoka kaangoni. "Mikono inakwenda yalikotangulia macho. Akitazama kando, kwisha."

Watu wakainamia sahani zao. Obdulia mwenyewe akajua amepaka pilipili kwenye kidonda, akampelekea Hermilo burito ya bure.

Maana zamani, Hermilo akiwa mpokeaji wa timu ya kiwanda cha nyaya za magari, walifika fainali. Zikiwa zimebaki sekunde chache alisimama peke yake nyuma ya mstari wa mwisho, na mpira ukaja umetulia, mzuri, wa kupiga picha. Hermilo akatazama jukwaani. Amparo alikuwa ndiyo kwanza anaingia, amembeba Nereida kwenye blanketi jeupe, mtoto wa wiki chache, siku yake ya kwanza kutolewa nje. Mpira ukamgonga vidole ukaanguka. Aliyeurusha alikuwa Chon. Siku ya ubatizo, mlangoni mwa kanisa, Chon alimkabidhi mtoto kwa baba yake akamwambia, "Huyu angalau mshike." Watu walicheka, na wameendelea kucheka tangu siku hiyo.

Jumapili iliyofuata mikono ya Hermilo ilikuwa inafika barabarani. Doña Obdulia alikuwa amemshonea mikono ya shati kwa magunia ya unga wa ngano, na jina la kinu cha kusagia, lililochapwa guniani, lilianzia begani, likarudiwa kwenye kiwiko, likarudiwa tena na tena hadi kwenye kifundo. Akiwa haitumii, aliizungusha mabegani kama mpira wa kumwagilia maua. Alinunua viazi ng'ambo ya barabara bila kuacha kiti. Majirani walimwomba awafungie balbu za juu. Mbwa wake alijifunza kulala kwenye mkunjo wa mkono wa kushoto.

"Urefu si kipaji," alisema Rudy. "Ligi ingemfungia."

"Ligi ingempa mkataba na gari," alisema Chon.

Hermilo alikuwa anaangalia viganja vyake, vilivyokuwa juu ya meza nyingine. "Nitamwangusha," alisema.

Hakuna aliyemuuliza nani. Chon alimaliza bia yake, akafuta mdomo, akamwambia anyanyuke.

Wiki ile nzima Chon alimfundisha uani. Obdulia alimfunga macho kwa aproni, kwa sababu ng'ambo kule mikono ingekwenda na macho yangebaki. Chon alisimama mwisho wa uchochoro na lundo la maboga. Dole gumba kwa dole gumba, alimwambia, vidole vitandaze, usiukimbilie mpira, ungoje uje. Boga la kwanza lilipasuka. La pili pia. Obdulia aliyakusanya, akayapika na sukari guru, akatengeneza empanada, mfano wa sambusa. Wiki ile watu walikula empanada za boga asubuhi, mchana na jioni, na hakuna aliyelalamika. Ijumaa Obdulia alitengeneza chache. Jumamosi hakutengeneza kabisa.

Jumapili asubuhi simu ya kaunta ililia. Alikuwa Rudy, kutoka nyumbani kwa mkunga katika mtaa wa Segundo Barrio, El Paso. Mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amekosa burito ya Jumapili. Alisema uchungu umeanza, na mkunga anauliza mikono iko wapi.

Mikono ikaondoka. Ilitoka mlangoni, ikashuka barabara, ikapanga foleni darajani nyuma ya mama mmoja aliyekuwa anavuka na sanduku la bazoka za kutafuna, za kuuza. Watu waliiruka kwa adabu. Bibi mmoja alijishikiza kwenye mkono wa kulia akidhani ni chuma cha daraja, akahisi una joto, akaendelea kujishikiza.

Afisa wa darajani aliuliza kilichobebwa. Viganja vikafunguka, vitupu.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kwa Obdulia," alisema mama wa bazoka. "Anaangalia mpira."

"Atavuka?"

"Mmemnyima."

Afisa alimwita mkubwa wake. Mkubwa akasoma sheria iliyobandikwa ukutani, akakuta inazungumzia watu tu, si mikono. Wakachukua alama za vidole, wakaitahadharisha mikono isifanye kazi ya kulipwa huko iendako, wakaipitisha. Rudy alikuwa anangoja upande wa pili. Akakishika kidole kimoja, akaiongoza mtaa kwa mtaa kama anayemwongoza kipofu.

Mkunga aliiosha kwa sabuni na maji ya moto kuanzia kwenye kucha kwenda juu, mpaka akachoka. Kiwiko kilikuwa bado darajani.

Dukani Dallas walikuwa wanacheza, lakini mtu alikuwa amekata sauti. Chon alikishika kipokea simu katikati ya sikio lake na la Hermilo. Rudy alikuwa anatangaza.

"Mkunga anasema bado kidogo. Anasema mikono ishuke. Chini zaidi, don Hermilo. Kushoto. Hapo."

"Dole gumba kwa dole gumba," alisema Chon.

"Nimeshaweka."

"Nereida anasema anaiona," alisema Rudy. "Anasema kucha zako bado mbaya."

Hermilo alitaka kucheka ikashindikana. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alitazama televisheni, akatazama meza, akatazama mabega yake mwenyewe ambako mikono ilianzia kisha ikapotelea mlangoni.

"Nitazame wapi?" aliuliza.

Doña Obdulia, aliyekuwa na maneno juu ya macho, aliweka kisu chini akafuta mikono kwenye aproni.

"Kichwa," alisema Rudy kwenye simu. "Anakuja. Mwambie akishampata amchomeke."

"Hachomeki mtu hapa," alisema Chon. Kisha akaweka mkono kwenye shingo ya mwenzake. "Tazama jukwaani, kompadre."

Hermilo akamwangalia.

"Wewe tazama tu. Mpira nimeshaurusha."

Hermilo akageuza uso kuelekea mlangoni. Hapakuwa na mtu pale. Kulikuwa na jua la Januari, na mikono ya shati la magunia ikipita kizingiti. Alitazama hapohapo bila kupepesa. Mtu mmoja mezani akavua kofia, na wengine wakavua.

Kule begani, misuli ikatulia kidogo, kama ya mtu aliyewekewa kitu chepesi.

"Ninaye," alisema Hermilo.

Kisha wakasikia kilio kwenye simu, chembamba, cha hasira.

"Mpakate," alisema Chon.

"Ni msichana," alisema Rudy. "Amempakata. Ndiyo, mzee, kampakata, umeshinda. Nereida anasema anaitwa Amparo."

Chon akakifuta kipokea simu kwa shati lake kabla ya kukirudisha. Matokeo ya Dallas waliyajua jioni, kutoka kwa muuza magazeti.

Tangu siku hiyo mikono ilivuka kila asubuhi mama wa bazoka alipovuka, na kurudi mtoto akishalala. Ilirudi na harufu ya maziwa, na Obdulia aliipitisha juu ya kaango bila kuacha kupika. Rudy alileta picha, Hermilo akaibandika ukutani karibu na kalenda. Alisema ni nzuri, lakini uso wa kwenye karatasi unaweza kuwa wa mtoto wa yeyote.

Kabla ya majira ya joto aliomba viza mara ya tatu. Afisa alikuwa yuleyule, mafua yamepona. Alikumbuka kaburi, akauliza mbwa hajambo. Kisha akamweleza Hermilo, kwa upole, kwamba safari hii hali yake imekuwa mbaya zaidi: mikono yake imekwishazoea kukaa upande ule, na hiyo ni dalili kubwa kwamba mwili ungeifuata. Akamtakia siku njema. Hermilo alitaka kumpa mkono wa kuagana, lakini mkono ulikuwa El Paso, unabembeza kitanda.

Septemba msimu wa mpira ulifunguliwa. Rudy alikuwa amerudi kwenye kiti chake, na Dallas walikuwa nyuma kwa pointi tatu.

"Yule mpya hana miguu," alisema Rudy.

"Hana vidole," alisema Chon.

Hermilo alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande, jinsi alivyokaa siku zote mikono ikiwa kazini.

"Jino," alisema. "La chini."

Chon akaagiza bia kwa ajili ya jino.

"Anafanana na nani?" aliuliza Doña Obdulia.

Bega la kulia la Hermilo lilikuwa linasogea polepole, na walijua kwamba kule ng'ambo kidole kinapita kwenye paji la uso, kinashuka puani, kinazunguka shavu.

"Sijui," alisema. Kisha akakunja uso. "Kageuza shingo. Simshiki vizuri, kageukia huku."

"Huku wapi?"

"Huku. Anautazama mkono unakotoka."

Wote wakageuka kuelekea mlangoni. Mikono ya shati la magunia ilikuwa imelala juu ya kizingiti, ikashuka barabara kati ya miguu ya watu, ikapanda daraja na kupotea penye kibanda cha maafisa.

"Huyo ndiye mpokeaji," alisema Chon.

Rudy akavua kofia. Doña Obdulia akainua kisu ili mkono mmoja usogee, akaendelea kupaka maharage.