Safu ya Ishirini na Mbili

Bangili ilimkatikia binti wa dada yangu alipokuwa anavaa koti. Aliniletea shanga zake ndani ya bahasha ya kazini kwao, pamoja na zile alizozikomba kwa ufagio, vumbi na nywele zikiwemo, akazimimina kwenye sahani mbele yangu. Kisha akatoa mchoro. Alikuwa ameutunza miaka yote kumi na minane ndani ya plastiki, kama hati ya kiwanja.

"Mama mdogo, nisukie upya," alisema. "Vilevile kama alivyoisuka mama."

Nikavaa miwani. Nilihitaji pa kuangalia pasipokuwa usoni pake, na sahani ilikuwa karibu.

Mchoro ule dada aliununua siku daktari alipomwambia kwamba vidole vinavyoangusha vijiko ni mwanzo tu: mikono itatangulia, miguu itafuata, kisha sauti. Tulitoka hospitali. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la vifaa vya ushonaji. Akaingia kama aliyetumwa sindano, akatoka na karatasi ya viboksi na pakiti tatu za shanga. Kila kiboksi kilikuwa shanga moja: ndege watano wekundu wanafuatana kwenye uwanja mweupe, shanga tisa upana, safu sabini urefu.

"Wewe hujawahi kusuka hata nywele zako," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimenunua mchoro. Wenye muda ndio wanaochora wenyewe." Akanishika mkono palepale kando ya barabara, akanizungushia uzi kwenye kifundo, akaukata kwa meno. "Nampimia kwako. Akikua, mkono wake utakuwa kama huu. Nataka abaki na kitu nilichokifanya kwa mikono yangu, mikono ikiwa bado yangu."

Mtoto alikuwa na miaka sita. Tulikuwa tunaishi watatu kwenye vyumba viwili, na mshahara ulikuwa wangu. Nilikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mashati. Kazi yangu ilikuwa kuona kosa kabla mteja hajaliona: mshono uliopinda, kifungo kisichoelekea tundu lake. Nikiliona natia chaki, shati linarudi kwa aliyelishona. Dada alizoea kunitania kwamba hata malaika ningemrudisha, nidai bawa moja limezidi lingine.

Alisuka mchana, dirishani, ncha ya ulimi ikiwa nje. Siku njema safu tatu, siku nyingine moja, nyingine hata moja haikutimia. Bangili alikuwa anaihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga.

Asubuhi moja, nikingoja maji ya chai yachemke, nilifungua kopo nikaitoa. Kwenye safu ya ishirini na mbili, shanga moja nyekundu ilikuwa imekaa mahali pa nyeupe, juu ya mgongo wa ndege wa pili. Ndege alikuwa na kibyongo.

Shanga moja tu. Lakini usukaji wa namna ile una ubaya wake: iliyokosewa haichomolewi peke yake, sharti ufumue zote zilizoifuata. Nikafumua mpaka pale, nikasuka upya sawasawa na mchoro, nikairudisha koponi kabla dada hajaamka. Nilijiambia nampa moyo, asije akaliona kosa akajua vidole vimefika wapi. Siku hiyo nilikwenda kazini mwepesi, nikijiona mtu mwema.

Kesho yake nikafanya tena, na kesho kutwa. Mkono wake ulizidi kulegea na safu zake zikalegea nao, nami kila alfajiri nikawa nafumua za jana na kuzikaza. Ndege wakanyooka. Ila mahali kazi yake ilipokutana na yangu paliniudhi, kwa sababu palionekana. Basi Jumapili moja, yeye na mtoto wamelala, nikafumua yote, hata zile ishirini na moja za mwanzo, nikaisuka upya. Hizo hazikuwa na kosa lolote. Zilikuwa legevu kidogo kuliko zangu, basi. Nimejisamehe mengi maishani, lakini asubuhi ile bado.

Mwezi wa nne sindano ilimshinda kabisa. Sauti nayo ilikwishaanza kuburuta. Aliomba bangili, nikamwekea mapajani. Akaipitisha chini ya kidole gumba polepole, safu kwa safu, midomo ikihesabu. Kidole kikasimama.

"Hapa palikuwa na kibyongo."

"Hapana kosa, dada. Umesuka vizuri."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Kosa moja haliachi mke," akasema, akajaribu kucheka. Mate yakamtoka, nikampangusa. "Niachie hata moja, mdogo wangu. Moja tu."

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo huku nikijua kwamba ndani ya bangili ile hapakuwa tena na lake la kuachiwa. Ningeweza kukirudisha kibyongo jioni ileile, aguse, afurahi. Wazo hilo lilinijia baada ya miaka.

Safu saba za mwisho nilizisuka baada ya mazishi. Majirani waliitoa koponi wakapokezana, wakalia, wakasema mtu anakufa na mkono wake umenyooka hivi! Sikuwakatalia. Nikamwita mtoto nikamwambia, "Mama yako amekusukia."

Akaikulia. Alifanya mitihani nayo. Ndoa yake ilipovunjika alikaa jikoni kwangu siku tatu akiizungusha mkononi. "Mama alikuwa anakufa na hakukosea hata shanga moja," aliniambia. "Mimi nashindwaje na haya?" Niliendelea kuosha vyombo.

Sasa tulikaa wawili, mimi na sindano, yeye na penseli, akiikata kwa mstari kwenye mchoro kila safu niliyoimaliza. Ndege wa kwanza alitoka mzima. Tulipofika ya ishirini na mbili mkono wangu ukachukua nyekundu, na haukuwa umeteleza. Niliivuta, nikaikaza juu ya ule mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu dada afe nikajisikia nimetimiza nilichomwahidi.

Penseli ikasimama.

"Mama mdogo, hapo umekosea. Ona, ndege ana kibyongo."

"Iache. Iache tu, mwanangu."

"Siwezi." Alinishika bega kwa upole, kama anayevusha mzee barabara. "Mama asingeiacha. Fumua, hujafika mbali."

Nikafungua kinywa. Maneno yote nilikuwa nayo. Nimekuwa nayo muda mrefu. Nikautazama mkono wake uliotulia mezani ukingoja, mtupu, na kifundo chake kilikuwa sawa na changu kabisa, kama dada alivyosema kitakuwa.

Nikarudisha sindano nyuma. Shanga ikadondoka sahanini kati ya nyekundu wenzake, na nilipoitafuta sikujua tena ni ipi.