Kidirisha cha Mtoto wa Wifi

Mimi ndiye fundi wa tovuti ya hospitali, na kile kidirisha nilikijenga kwa mikono yangu hii. Mzazi anaandika nywila, kidirisha kinafunguka, anamwona kwa kamera mwanawe aliyelazwa wodi ya waliozaliwa kabla ya wakati. Asiye mzazi haoni kitu. Kwenye kompyuta yangu kilifunguka kila siku. Kwa wifi yangu, mke wa kaka, ng'o!

Alikuwa kitandani nyumbani, mshono wa upasuaji bado mbichi, siku ya sita hajamtia mwanawe machoni.

"Wifi, naona boksi jeupe tu," aliniambia kwenye simu. "Au mtoto mmemficha?" Akacheka, kisha akalia.

Mkuu wa ofisi naye akaja na dawa yake. "Wazazi wanalalamika. Ondoa nywila, kila mtu aone. La sivyo saa sita nakifuta."

"Bosi, hawa ni vichanga, siyo bidhaa za dukani! Dunia nzima iwachungulie?"

"Saa sita," akasema, akaenda zake.

Hasira zilinipanda mpaka utosini. Saa tano nilikuwa nimeshapitia kila mstari, sioni kosa. Nikampigia wifi, nikamwambia anieleze polepole.

"Nieleze nini? Boksi linakuwa jeupe hata kabla sijamaliza kuandika nywila."

Kabla! Nikashika kichwa. Mimi nywila niliiandika mara moja tu, miezi minne iliyopita, na kompyuta yangu haijatoka kwenye akaunti tangu siku ile. Nikajitoa, nikaingia upya kama mgeni. Jeupe! Kumbe kidirisha kilikuwa kinaomba picha ukurasa ukifunguka tu, mtu hajajulikana bado ni nani. Kinakataliwa, kinanuna, hakiombi tena. Mganga hajigangi, jamani. Wazazi wote wale wamelia kwa uvivu wangu.

Nikakifundisha subira: mzazi atambuliwe kwanza, ndipo kiombe. Na ufunguo wangu wa fundi, ulionionyesha kila mtoto siku zote hizo, nikaufuta. Nani aliniruhusu kuwaangalia watoto wa watu?

Saa sita kasoro dakika tano bosi akasimama mlangoni.

"Fungua kwa simu yako," nikamwambia.

Akafungua. Kidirisha kikamjibu: Ingia kwanza. Akaweka nywila yake ya ukuu wa ofisi. Kikamjibu: Huna mtoto hapa.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, bosi!"

Simu yangu ikalia. Vigelegele vilitoka humo hadi ofisi nzima ikageuka.

"Wifi! Anapiga miayo! Yuko mzima, anapiga miayo! Na pua ya kaka yako hiyo, maskini ya Mungu!"

Niliruka, kiti kikaanguka, bosi akakiinua mwenyewe.

"Njoo umwone na wewe basi, fungua hapo kwako," wifi akasema.

Nikatazama kioo cha kompyuta yangu. Huna mtoto hapa.

"Mimi nimefungiwa nje, wifi," nikasema, machozi yananitoka kwa furaha. "Nisimulie wewe."

Akaanza na vidole.